Vuli Si Majira ya Majani Makavu

Vijana wetu wanaotunga mashairi na hadithi fupi za mapenzi wameingiwa na ugonjwa, nami nautaja hapa bila kumung'unya maneno. Wanalia kwa majira ambayo hawajapata kuyaona. Mpenzi akiondoka, theluji inaanguka. Akirudi, maua yanachanua baada ya baridi kali. Mama akifa, majani yanageuka rangi ya dhahabu na kupukutika bustanini. Mtunzi mwenyewe amezaliwa Muheza, amekulia Muheza, na vazi lake zito kuliko yote ni sweta la shule.

Nilifundisha walimu kwa miaka mingi hadi nikastaafu nikiwa mkuu wa chuo cha ualimu, kwa hiyo mbegu hii naijua ilikotoka. Tuliikaririsha wenyewe madarasani. Chukua soneti ya 18 ya Shakespeare, iliyochapishwa mwaka 1609, ambamo mpenzi analinganishwa na siku ya majira ya joto. Kwa Mwingereza hiyo ni sifa kubwa, maana jua kwao ni mgeni wa miezi michache. Mwanachuo mmoja aliifasiri akaandika "kiangazi", akaona kazi imekwisha. Haya, nenda Dodoma mwezi wa Oktoba, visima vimekauka na ng'ombe mbavu nje, umwambie mchumba wako kwamba yeye ni kiangazi. Jibu ulisubiri ukiwa umesimama mbali kidogo.

Ndugu msomaji, usidhani nafanya mzaha tu. Mke wangu alifariki katikati ya masika. Kaburi lilijaa maji kabla ya maziko, vijana wakayachota kwa ndoo huku sisi wengine tumejikinga kwa miavuli na majani ya migomba. Siku chache baadaye nililetewa shairi la rambirambi, limepigwa chapa vizuri, likisema kuwa marehemu ameanguka kama majani makavu ya vuli. Aliyelitunga alikuwa na nia njema, na jina lake nalihifadhi. Lakini vuli! Vuli kwetu ni mvua za Oktoba hadi Desemba, wakati watu wanapanda mahindi. Mibuyu na misufi hupukutisha majani, ndiyo, ila hufanya hivyo wakati wa ukavu. Nilimtafuta mke wangu katika beti zile nisimwone. Sikuona tope, wala ndoo, wala nyayo za waombolezaji zilizochafua baraza ambalo yeye asingekubali lichafuke hata siku moja. Lilikuwa shairi la kumpelekea mfiwa yeyote, popote. Nililikunja nikaliweka.

Na wakubwa wa fani walikuwa wapi? Walikuwa wanagombana juu ya vina na mizani. Kaluta Amri Abedi alitoa sheria zake za kutunga mashairi mwaka 1954. Euphrase Kezilahabi akatoa Kichomi mwaka 1974, na mashairi yake huru yakazua mabishano ambayo wengine wetu tulizeeka nayo. Mimi sina ugomvi na upande wowote. Shairi la mizani kumi na sita kila mstari laweza kuwa uongo toka kichwa hadi mkia, na lisilo na mizani vilevile. Shaaban Robert alipofiwa na mkewe Amina alimwita kwa jina lake ndani ya shairi. Alikuwa anamlilia mtu anayemjua, na vina havikumzuia.

Wapo watakaoniambia kuwa majira yetu hayana utamu, joto ni joto na mvua ni mvua. Huo ni uvivu. Kwa karne nyingi kaskazi ilileta majahazi kutoka Arabuni na Bara Hindi, na kusi ikayarudisha. Mabaharia wakaoa katika miji yetu wakijua kwamba upepo wa kuwachukua una mwezi wake, na wake zao walijua pia. Anataka huzuni gani zaidi ya hiyo? Kusi likikaza mwezi wa Juni na Julai, mvuvi mwenye mashua ndogo hukaa pwani akitazama mawimbi, na deni la dukani linapanda. Ndoa ngapi zimetikisika katika wiki hizo! Usukumani harusi hungoja mavuno, basi mwaka wa ukame mchumba naye hungoja. Na wale manamba waliotoka Kigoma na Songea kuja kukata mkonge Tanga? Mkonge hukatwa mwaka mzima, hauna mavuno ambayo mtu atasema yakiisha narudi kwetu. Wengine hawakurudi. Wake zao walibaki na majira yote, wao wakabaki na kipande chao cha siku thelathini.

Anayeishi London au Toronto akaandika theluji kwa Kiswahili, na aandike, nitamsoma kwa furaha, maana imemng'ata vidole. Ninayemkataa ni yule wa Muheza.

Tena amechelewa, kwa sababu hata majira tuliyo nayo yanatuponyoka. Mvua za El Niño za 1997 na 1998 zilibomoa barabara na madaraja. Desemba 2023 tope liliporomoka kutoka mlima Hanang likafukia watu na nyumba zao. Kati ya miaka ya namna hiyo ipo mingine ambayo masika huchelewa, mkulima akapanda, mbegu zikafa, akapanda tena. Sasa fikiria msichana aliyeahidiwa na mchumba wake kwamba atarudi mvua zikianza. Zinaanza Machi, zinakatika siku ya tatu, zinarudi Aprili mwishoni. Ahesabu lipi kuwa ndilo ahadi? Hadithi hiyo naisubiri, na macho yangu hayangoji sana.