Kilima cha Karamu na Kilima cha Ndoo



Jioni, katika mkahawa mmojawapo juu ya Capri Point jijini Mwanza, mgeni huagiza sato wa kukaanga, kisha hugeuza kiti chake kuelekea mjini. Giza likiisha kuingia, vilima vya Igogo na Bugando huwaka taa, moja juu ya nyingine, hadi penye majabali. Mgeni husifu mandhari. Na mandhari hiyo imekwisha kuhesabiwa katika bei ya chakula.

Hatusemi kwamba kula samaki ni dhambi. Twauliza: anayetazama huona nini? Kila taa ile ni nyumba ya mtu. Lazaro wa leo halali tena mlangoni pa tajiri. Amekaa kilima cha pili, na taa yake imekuwa pambo la meza asiyoalikwa.

Tuchukue mfano wa maji. Mtambo wa siku nyingi unaosafisha maji ya Ziwa Victoria kwa ajili ya jiji upo papo hapo Capri Point. Baadaye uliongezwa ule wa Butimba, wenye uwezo wa lita milioni 48 kwa siku. Lakini maji hayapandi mlima kwa hiari yake. Yahitaji pampu, na tangi lililo juu kuliko nyumba. Mwenye mkahawa hununua pampu na tangi lake, na bomba lake halikauki. Mama ambaye nyumba yake ipo juu kuliko tangi la mtaa hupanda mawe na ndoo kichwani, huku ziwa zima likimeremeta chini yake. Mlaji hufikishwa na gari mpaka mlangoni. Kule ng'ambo mgonjwa hubebwa mgongoni hadi barabarani.

Wengine husema: nani aliwaambia wajenge kwenye mawe? Ajabu! Mwenye fedha akijenga kilimani, huo ni uwekezaji. Maskini akijenga kilimani, hayo ni makazi holela. Wengine hujibu kwamba mikahawa hutoa ajira. Ni kweli, wala hatuidharau. Lakini mhudumu yule yule, akiisha kufuta meza usiku, hurudi kwenye kilima kisicho na maji. Mshahara wa mtu mmoja haujengi tangi la mtaa.

Kwa hiyo twadai, tena bila kuomba radhi: matangi na pampu vifike kwanza kwenye nyumba za juu kabisa, njia za miguu za vilimani zijengwe ngazi imara na kuhesabiwa kuwa barabara za jiji, na vilele visiishe kuuzwa vyote, ili mtoto wa Igogo naye aweze kuketi na kulitazama ziwa bila kulipa.

Maswali ya kujadili:
1. Katika mtaa wetu, nyumba ya mwisho kupata maji ni ya nani?
2. Ni nani kati yetu atakayelifikisha jambo hili kwa diwani, na lini?