Scoot Henderson amehukumiwa mapema mno

Portland Trail Blazers walimchukua Scoot Henderson wa 3 katika drafti ya NBA ya 2023, akiwa na miaka 19. Msimu wake wa kwanza ulikuwa haujafika mbali, wengi wakawa wameshamfuta. Madai yao nimeyapima moja moja, na mengi hayasimami.

Wanasema takwimu zimemaliza ubishi. Ni kweli, 2023–24 aliingiza asilimia 38.5 tu ya mitupo yake, na kila mechi alipoteza mpira zaidi ya mara 3. Ni takwimu mbaya, hazihitaji kupambwa. Lakini tazama alichokabidhiwa. Damian Lillard, aliyeibeba timu kwa misimu 11, alipelekwa Milwaukee mwezi mmoja kabla ya ligi kuanza. Anfernee Simons, mmoja wa wafungaji waliobaki, akaumia kidole gumba mechi ya kwanza kabisa. Siku chache baadaye Scoot mwenyewe akateguka kifundo cha mguu. Portland ikamaliza na ushindi 21 na vipigo 61. Kazi ya pointi gadi inawategemea wanaomalizia pasi zake, na wafungaji ambao ulinzi hauthubutu kuwaacha. Scoot alianza ligi akiwa na wachache wa aina zote mbili.

Dai la pili: hajakua, maana msimu uliofuata wastani wake ulishuka kutoka pointi 14.0 hadi 12.7. Dakika zake pia zilipungua, na mechi nyingi alitokea benchi. Katika msimu huohuo mitupo iliyoingia ilipanda hadi asilimia 41.9, ya pointi tatu kutoka 32.5 hadi 35.4, na asisti zikabaki 5 na kitu kwa mechi huku akipoteza mpira mara chache zaidi. Kwa pointi gadi, uwiano wa asisti na mipira iliyopotea unaeleza mengi kuliko pointi.

Dai linaloniudhi zaidi ni kwamba ana misuli tu, hana akili ya mchezo. Mwanzoni alikuwa akiipita skrini kwa kasi yake yote, anaruka, na akiwa hewani ndipo anatafuta la kufanya mbele ya mlinzi mrefu. Hilo ni tatizo la mwendo na la kusoma ulinzi, na linafundishika. Msimu wa pili alianza kupunguza kasi baada ya skrini: anambakiza mlinzi wake mgongoni, anamngoja mrefu aamue kwanza, kisha anaipeleka pasi kona au anatupa mtupo mfupi. Anayefanya hivyo anafikiri. Udhaifu upo: kumalizia chini ya kikapu bado kunamsumbua, na mitupo yake huru ilishuka chini ya asilimia 80. Wakosoaji wangeshika hapo, ningewasikiliza.

Wengine husema aliyechaguliwa wa 3 hana haki ya kusubiriwa. Chauncey Billups, kocha wake katika misimu hiyo miwili, naye alichaguliwa wa 3, na Boston, mwaka 1997. Boston hawakumvumilia hata msimu mmoja. Alichezea timu nne kabla ya kufika Detroit mwaka 2002, na 2004 akawa bingwa na mchezaji bora wa fainali. Scoot hajaahidiwa safari hiyo, ila waliomkatia tamaa Billups mapema walikosea vibaya.

Wanaompenda nao wana dai lao: kasi na nguvu zake pekee zitamfanya nyota. Sikubali. Mtupo wa pointi tatu usipoogopwa, walinzi hupita nyuma ya skrini na kumngoja ndani, na kasi yote inakosa njia. Kwa nilichokiona katika misimu hiyo miwili, namweka kama pointi gadi wa kuanza katika timu ya mtoano. Hadhi ya nyota sitampa mpaka ile asilimia 35.4 idumu huku akitupa mingi zaidi, na mpaka aweze kufunga mbele ya warefu.