Mwaka 1791: Ogé Aliomba, Watumwa Hawakuomba

Wandugu wa mgodi na wa mji,

Shuleni kwa mapadri tulifundishwa mwaka 1789 mpaka tukaujua kwa kichwa: Paris, Bastille, haki za mtu. Mwaka 1791 tulirukishwa. Wala hatukurukishwa bure.

Saint-Domingue, koloni la Wafaransa ambalo leo ni Haiti, lilikuwa na watumwa karibu nusu milioni na wazungu kama 30 000. Sukari na kahawa ya Ufaransa ilitoka katika jasho la watumwa hao. Na upande wa kaskazini wengi wao walikuwa nani? Watu wa Kongo, waliouzwa katika bandari kama Loango na Cabinda.

Kulikuwa tena watu wa rangi waliokuwa huru, wengine wenye mashamba na watumwa wao wenyewe. Mmoja wao, Vincent Ogé, alikwenda Paris kuomba haki kwa wenziwe walio huru. Kwa watumwa hakuomba kitu. Hata aliposhika silaha mwaka 1790 hakutaka kuwaita. Februari 1791 wakubwa walimvunja mifupa juu ya gurudumu, mbele ya watu, mjini Cap-Français. Hilo ndilo jibu alilopewa bwana aliyesema Kifaransa kizuri.

Mei 15 Paris ikatoa haki kwa watu wa rangi waliozaliwa na baba na mama walio huru, yaani wachache tu. Septemba 24 ikawanyang'anya hata hicho kidogo. Na London? Mwezi wa Aprili Wilberforce aliomba biashara ya watumwa ikomeshwe: wabunge 88 walikubali, 163 walikataa.

Makarani wenzetu, hatuijui habari hii? Mwaka 1948 Wabelgiji waliwatengenezea wazee wetu kadi ya ustahili. Mwaka 1952 wakaongeza cheti kingine, na wakaguzi wakaingia nyumbani mwa mtu kutazama kama anakula kwa uma! Kadi zile zilikufa, dawa yake haikufa. Karani anaitwa ofisini peke yake, anaongezewa franka, anaambiwa yeye si kama wale wanaoshuka chini. Anatoka akicheka. Tunamwuliza: Ogé alipata nini?

Usiku wa Agosti 22, mwaka ule ule, watumwa wa kaskazini waliinuka. Boukman alikuwa mmoja wa viongozi wao. Hawakupeleka barua kwa mtu. Mashamba ya miwa yaliwaka. Boukman aliuawa Novemba, na vita havikuzimika. Ndipo Paris, Februari 4, 1794, ilipoandika kwamba utumwa umekwisha katika makoloni yote. Iliandika karatasini neno ambalo watumwa walikuwa wamekwisha kulifanya kwa mikono yao. Napoleon alipotuma jeshi mwishoni mwa mwaka 1801 kurudisha mambo ya zamani, jeshi lake lilishindwa, na Januari 1, 1804 Haiti ikawa nchi huru.

Wako wanaotuambia: tazameni umaskini wa Haiti, ndiyo matunda ya haraka. Mwaka 1825 mfalme wa Ufaransa alipeleka manowari na kudai franka milioni 150, malipo kwa mabwana waliopoteza mashamba na watumwa. Mtumwa alilipishwa bei ya mwili wake mwenyewe! Deni hilo na mikopo yake viliendelea kulipwa mpaka karne ya 20. Wenye kuhesabu umaskini wa Haiti waanze hesabu yao hapo.