Robine mpya inataka mpira mpya

Mimi ni fundi wa mabomba hapa Bunia, na nina neno kwa wenye nyumba. Wengi hununua robine mpya ya lavabo, kisha huniomba niiunge kwa mpira uleule wa zamani unaoleta maji. Nakataa. Raba ya ndani imeshakauka. Maji yakikatika kisha yakarudi kwa nguvu usiku, mpira hupasuka na nyumba hufurika. Nunua mpira mpya na rondela zake, tepu ya tefloni ya kuzungushia hesi za bomba la ukutani, na vali ya kufungia maji chini ya lavabo. Ebola ya 2018 hadi 2020 ilitufundisha watu wa Ituri kwamba kunawa mikono huokoa uhai. Kunawa kunataka robine nzima, basi inayovuja itengeneze wiki hii.