Bakteria wa Mikunde Wasihukumiwe kwa Mafuta Pekee

Mkulima wa soya akinunua pakiti ya bakteria wa kupaka mbegu, wale wanaoupatia mmea naitrojeni kupitia vinundu vya mizizini, anachokiona ni unga mweusi basi. Hawezi kujua kama bakteria wamo, wako hai, au ni wa soya kweli na si wa maharage. Anategemea maabara, na maabara nayo inategemea kipimo ilichokichagua.

Kipimo kimojawapo ni cha kusoma mafuta. Utando wa seli ya bakteria una asidi za mafuta, na kila kundi lina mchanganyiko wake. Bakteria hukuzwa kwenye chakula cha aina moja, kwa kawaida katika nyuzi joto 28, kisha huchemshwa katika soda kali yenye methanoli. Asidi hizo hugeuzwa kuwa esta zinazopaa kwa urahisi, mashine ya kromatografia ya gesi inazitenganisha moja moja, na kompyuta inalinganisha matokeo na kumbukumbu zilizohifadhiwa. Watafiti Jarvis na Tighe walionyesha mwaka 1994 kwamba njia hii inaweza kuwatambua bakteria wa jenasi ya Rhizobium kwa haraka. Mwaka 2000 ulifuata uchambuzi mpana zaidi, wa aina zaidi ya 600.

Ilikuwa hatua kubwa. Tangu miaka ya 1930 bakteria hawa walikuwa wakipangwa kwa mmea wanaouingia: wa njegere huku, wa maharage kule, wa soya pembeni. Mpango huo ulipwaya mapema, maana bakteria mmoja anaweza kuingia mimea kadhaa, na mmea mmoja ukapokea wageni wengi. Mwaka 1982 mtafiti Jordan aliwatenga wanaokua polepole, wakiwemo wa soya, akawapa jenasi ya Bradyrhizobium.

Lakini mafuta nayo yana hila zake. Karibu jamii yote hii hutawaliwa na asidi moja ya kaboni 18, hivyo tofauti hutafutwa katika zile chache zilizobaki. Hizo chache hubadilika kwa joto, kwa chakula na kwa umri: bakteria waliokwisha kukomaa hulimbikiza asidi zenye pete ndogo ya kaboni tatu. Maabara mbili zisipofuata utaratibu uleule, zinaweza kubishana bure juu ya kiumbe kimoja.

Tatizo zito zaidi ni kwamba jina halisemi kazi. Agrobacterium, anayesababisha uvimbe kwenye mimea, ni ndugu wa karibu wa Rhizobium kiasi kwamba mwaka 2001 kuna wataalamu waliopendekeza waunganishwe katika jenasi moja. Huko New Zealand, shamba la lotasi, mmea wa malisho wa jamii ya mikunde, lilipandwa mbegu zilizopakwa aina moja tu ya bakteria. Miaka saba baadaye vinundu vilikuwa na bakteria wa aina nyingine kabisa, wenyeji wa udongo ule, waliorithishwa jeni za kutengeneza vinundu na yule mgeni. Utafiti huo ulichapishwa mwaka 1995, na ungepaswa kumtia wasiwasi kila anayetoa cheti kwa kutazama utando wa seli peke yake. Kupima jeni moja ya utambulisho hakuondoi kasoro hiyo, kwa kuwa jeni za vinundu huhama zenyewe.

Afrika Mashariki ina sababu ya kulijali jambo hili. Biofix, chapa ya bakteria wa kupaka mbegu, ilianzia Chuo Kikuu cha Nairobi, na Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro, kiliwahi kutengeneza nyingine, Nitrosua, kwa ajili ya soya. Kwa watengenezaji wa namna hii, kipimo cha mafuta kinafaa kama chekecheke la kwanza: kikionyesha mchanganyiko mgeni wa asidi, chungu cha kukuzia bakteria kimechafuliwa na kazi isimame hapo. Cheti chenyewe kitolewe na mmea. Mbegu ipandwe kwenye mchanga usio na naitrojeni wala bakteria wengine, kisha vinundu vipasuliwe. Vikiwa vyekundu ndani, kazi inafanyika. Vikiwa vyeupe au kijani, pakiti hiyo haistahili pesa ya mkulima.

Na sampuli zisichukuliwe kiwandani tu. Joto la dukani huua bakteria walioondoka kiwandani wakiwa wazima, kwa hiyo wakaguzi wa viwango wazinunue pakiti hizo kimyakimya kwenye maduka ya pembejeo, wahesabu walio hai, na idadi hiyo iandikwe kwenye lebo pamoja na jina la aina ya bakteria na tarehe ya mwisho wa matumizi.