Ahadi ni Deni kwa Wanaotutibu



Mwandishi wa tahariri hii ni wakili, na sehemu ya kazi yake ya kila wiki ni kugonga muhuri. Watu humletea vyeti vyao halisi pamoja na nakala, naye huvilinganisha, akatia sahihi na kuthibitisha kwamba nakala ni za kweli. Zamani wengi waliokuja kwa shughuli hiyo walikuwa wakitafuta kazi humu humu nchini. Siku hizi, asubuhi nyingi, aliyeketi upande wa pili wa meza ni muuguzi, na vyeti vyake vinaelekea Uingereza, Ujerumani, Marekani au nchi za Ghuba.

Mmoja wao alikuwa mshirika wa kanisa letu. Karo yake ya chuo cha uuguzi ilichangwa na waumini kwa harambee. Akina mama wa kanisa waliuza hata kuku. Alipofuzu, alikaa miaka minne akiishi kwa vibarua vya miezi mitatu mitatu, leo yumo kazini, kesho yumo nyumbani. Jumapili ya mwisho kabla ya safari yake, mchungaji alimwita mbele, akawekewa mikono, na kanisa zima likampigia makofi. Hata sisi tulipiga makofi. Lakini tulipotoka nje hatukuulizana swali lililostahili kuulizwa: zahanati ya kijiji chetu, ambayo ina muuguzi mmoja tu wa kuhudumia mchana kutwa, imekosaje nafasi ya kumwajiri binti tuliyemsomesha sisi wenyewe?

Hatuandiki ili kumlaumu. Katiba ya mwaka 2010, katika Ibara ya 39, yampa kila mtu haki ya kutoka Kenya. Anayetafuta riziki halali si msaliti wa taifa, na kiongozi anayemwita hivyo kwanza ajiulize yeye mwenyewe hutibiwa wapi anapougua. Tunaloliuliza ni hili: ni nini kilichomfanya mtu aliyetaka kukaa akaamua kuondoka?

Ukubwa wa jambo hili si siri. Mwaka 2006 Shirika la Afya Duniani lilieleza kwamba bara la Afrika lilikuwa limebeba asilimia 24 ya mzigo wa magonjwa ya dunia, ilhali lilikuwa na asilimia 3 tu ya wahudumu wa afya. Mwaka huo huo, utafiti wa Kirigia na wenzake ulikadiria kwamba kumsomesha daktari mmoja wa Kenya, tangu shule ya msingi hadi chuo kikuu, kuligharimu takriban dola 66,000 za Marekani, na muuguzi mmoja takriban dola 43,000. Fedha hizo zilitoka kwa mlipa ushuru na kwa mzazi aliyeuza ng'ombe. Nchi maskini inasomesha, nchi tajiri inavuna.

Jibu la haraka ni kwamba wanafuata mishahara minono. Ni kweli, lakini ni nusu ya ukweli. Katika miaka ya 1990 serikali yetu ilibanwa na masharti ya wakopeshaji wa kimataifa ipunguze watumishi wa umma, na desturi ya kumpa kazi kila muuguzi aliyefuzu ikakoma. Vyuo, vikiwemo vya hospitali za misheni, viliendelea kufundisha. Hapo ndipo kilipozaliwa kioja tunachoishi nacho mpaka leo: wauguzi wasio na kazi upande mmoja, wadi zisizo na wauguzi upande wa pili, na katikati yao bajeti isiyotaka kuwakutanisha.

Nusu ya pili ya ukweli ni neno lisilotimizwa. Hapa twaomba msomaji atuvumilie tupitie kumbukumbu, kwa maana tusipokumbuka tutadanganywa tena.

Mwaka 1994, wakati wapiganiaji wa mageuzi walipokuwa bado wakidai uhuru wa kukutana bila kibali, madaktari waliomba jambo dogo: chama chao cha wafanyakazi kisajiliwe. Serikali ya wakati huo ilikataa. Madaktari waligoma, na wengi wakapoteza kazi. Wako waliofungua zahanati zao binafsi, na wako waliokwenda kuzitumikia nchi za kusini mwa Afrika. Chama hicho hakikusajiliwa mpaka mwaka 2011, baada ya Katiba mpya, ambayo katika Ibara ya 41 yamhakikishia kila mfanyakazi haki ya kujiunga na chama na haki ya kugoma.

Juni 2013 serikali ikatia sahihi mkataba wa maelewano na madaktari hao. Wino ulipokauka, utekelezaji ukakauka pia. Madaktari walipodai chao, wakaambiwa kwamba mkataba haukusajiliwa mahakamani. Kwa herufi ya sheria, hoja hiyo ina mashiko: Sheria ya Mahusiano ya Kazi ya mwaka 2007 yasema mkataba wa namna hiyo hupata nguvu unaposajiliwa. Lakini twauliza kama mawakili na kama Wakristo: mtu akikutilia sahihi mchana, usiku akajificha nyuma ya kasoro ya usajili, utamwitaje? Kutoka Desemba 2016 hadi Machi 2017, hospitali za umma zilikaa siku 100 bila madaktari. Mwezi wa Februari viongozi saba wa chama walipelekwa gerezani kwa kukaidi amri ya mahakama. Mwaka huo huo wauguzi nao wakagoma kwa takriban miezi mitano.

Mgomo wa madaktari ulimalizwa kwa mkataba mwingine wa mwaka 2017, ambao uliweka ujira wa daktari mwanagenzi kuwa zaidi ya shilingi 200,000 kwa mwezi. Mwaka 2024 serikali ikatangaza kwamba itawalipa 70,000. Madaktari waliandamana, na katibu mkuu wa chama chao akapigwa kichwani na mkebe wa gesi ya machozi. Mgomo uliofuata ulidumu siku 56. Desemba ya mwaka huo serikali ikakubali kulipa kama ilivyoandikwa mwaka 2017. Yaani yalihitajika maandamano, majeraha na karibu miezi miwili ya wagonjwa kurudishwa nyumbani ili serikali iseme tena neno ililokwisha kulisema.

Wako wanaosema kwamba mhudumu anayegoma ana damu ya maskini mikononi mwake. Hatulipuuzi neno hilo. Mwenye pesa hakuhisi siku zile 100, kwani alikwenda hospitali ya kibinafsi. Aliyeumia ni mama mjamzito asiye na nauli. Lakini haki inatutaka tuuhesabu mkono wa kwanza kabla ya wa pili. Yakobo katika waraka wake aliwaonya matajiri waliouzuia ujira wa wavunaji. Hakuanza kwa kuwakemea wavunaji kwa kulia. Na msomaji apime mwenyewe: kijana aliyeyaona haya yote akiwa chuoni, akiletewa mkataba wa hospitali ya ng'ambo unaotaja mshahara, saa za kazi na siku za likizo, na akijua kwamba utafuatwa, atachagua upi?

Sisi wa mageuzi nasi tuna la kukiri. Tuliupigania ugatuzi, na hatujuti. Tangu mwaka 2013 vituo vya afya vimejengwa mahali ambapo awali watu walitembea siku nzima kutafuta tembe. Ila ugatuzi ulimwacha mhudumu na waajiri 47. Daktari aliyeajiriwa katika kaunti moja hupata taabu kuhamia nyingine, hata anapotaka kumfuata mwenzi wake wa ndoa. Mishahara huchelewa, vyeo hukwama, na katika sehemu nyingine jina la ukoo hutazamwa kabla ya cheti. Anayekwenda kuongeza masomo ya ubingwa hajui kama atarudi akute nafasi yake. Kuyasema haya si kuutukana ugatuzi. Aliyejenga nyumba ndiye anayepaswa kuwa wa kwanza kuziba paa linapovuja.

Dawa bandia nazo tumezionja. Mwaka 2018 serikali iliwaleta madaktari bingwa 100 kutoka Cuba, wakati madaktari wetu wengine wakiwa hawana kazi. Wawili kati yao walitekwa nyara Mandera mwezi wa Aprili 2019, na mpango wote ukakomeshwa mwaka 2023. Kisha Julai 2021 Kenya ilitia sahihi na Uingereza makubaliano ya kuwapeleka huko wauguzi wetu wasio na ajira. Badala ya kuuliza kwa nini hawana ajira, tukawatafutia tiketi. Septemba 2024 yakafuata makubaliano na Ujerumani kuhusu wafanyakazi wenye ujuzi kwa jumla.

Tunaambiwa tufurahi kwa kuwa watatuma fedha nyumbani. Fedha hizo ni halali na zimewasomesha wadogo wengi. Lakini hundi kutoka London haimpokei mtoto anayezaliwa saa tisa za usiku. Na Kanuni za Shirika la Afya Duniani za mwaka 2010 kuhusu kuwaajiri wahudumu wa afya wa nchi nyingine zilikwisha kusema kwamba nchi inayopokea ijitahidi kufundisha watu wake na kuisaidia nchi inayotoa. Hazina nguvu ya sheria, bali zina nguvu ya aibu, iwapo upande wetu utathubutu kuzisoma kwa sauti mezani.

Wengine wanapendekeza wahudumu wafungwe kwa masharti ya miaka mingi, au vyeti vyao vizuiliwe. Twapinga. Tuliushinda utawala uliowanyima wananchi pasipoti kwa sababu ya maneno yao. Hatuwezi leo kuuazima ufunguo wake.

Je, kuna lililofaulu? Lipo. Ghana ilikuwa ikiwapoteza madaktari waliokwenda ng'ambo kusomea ubingwa. Mwaka 2003 ikaanzisha chuo chake cha madaktari na wapasuaji ili ubingwa upatikane nyumbani. Malawi, maskini kuliko sisi, ilianza mwaka 2004 mpango wa dharura: ikaongeza malipo ya wahudumu kwa asilimia 52 kwa msaada wa wafadhili, Uingereza ikiwa mmoja wao, na ikapanua vyuo. Kufikia mwaka 2009 idadi ya wahudumu wake ilikuwa imeongezeka kwa zaidi ya nusu. Aidha, Shirika la Afya Duniani limeshauri tangu mwaka 2010 kwamba wanafunzi wachukuliwe kutoka mashambani, kwa sababu aliyezaliwa huko ndiye aliye tayari zaidi kurudi kuhudumu huko. Mcheza kwao hutunzwa, walisema wahenga. Sharti atunzwe kweli.

Kwa hiyo twadai mambo matano.

Kwanza, kila mkataba wa maelewano usajiliwe mahakamani mara tu unapotiwa sahihi, na uwekwe hadharani ili raia ausome. Anayetia sahihi asiwe na kichaka cha kujificha.

Pili, wahudumu wanaofanya kazi za kudumu waajiriwe kwa masharti ya kudumu. Kumpa mtu mkataba wa miezi mitatu ili atibu maradhi yasiyokwisha ni mzaha.

Tatu, Sheria ya Afya ya mwaka 2017 iliunda baraza la kushauri kuhusu wafanyakazi wa afya, pamoja na uhamisho wao baina ya kaunti. Baraza hilo lipewe fedha na meno, ili daktari wa Turkana na wa Kiambu wajue kwamba ngazi ya vyeo ni moja.

Nne, viongozi wa Afrika waliahidi mjini Abuja, mwezi wa Aprili 2001, kutenga asilimia 15 ya bajeti zao kwa afya. Ahadi hiyo nayo ni deni, na Kenya ilikuwamo.

Tano, makubaliano yoyote na nchi za nje yapitie bungeni kwa uwazi, na nchi inayochukua wauguzi wetu ichangie gharama ya kuwafundisha wengine.

Wewe msomaji, wewe mwanaharakati, wewe mzee wa kanisa, usiseme kwamba hayo ni ya wakubwa. Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya mwaka 2012 yataka kila kaunti iwasilishe karatasi ya mkakati wa fedha kwa bunge lake kufikia tarehe 28 Februari, na makadirio ya bajeti kufikia tarehe 30 Aprili. Kati ya siku hizo mbili wananchi wana haki ya kusikizwa. Nendeni. Ulizeni maswali matatu tu: tuna wauguzi wangapi, tunahitaji wangapi, na fedha za tofauti hiyo ziko ukurasa gani? Andikeni majibu, na Jumapili yasomwe pamoja na matangazo mengine.

Na makanisa yenye hospitali yajitazame pia. Hatuwezi kuihubiria serikali kuhusu ujira wa haki huku mhudumu wa hospitali ya misheni akiambiwa kwamba wito wake ndio mshahara wake.

Wiki hii muhuri utagongwa tena. Hatuwezi kumnyima mtu haki yake. Wala hatutaacha kuwaombea wasafiri wetu. Tunaomba tu kwamba Jumapili moja mchungaji amwite mbele muuguzi kijana, si kwa sababu anaondoka, bali kwa sababu ameajiriwa katika zahanati iliyo chini ya mlima, kwa barua yenye sahihi ambayo itaheshimiwa. Siku hiyo tutapiga makofi bila kuona haya.