Nchi ya Akhwari isikunje meza za maji mapema

WIKI hii naomba Simba na Yanga wakae benchi. Nina jambo la riadha, na najua baadhi yenu mmeshaanza kugeuza ukurasa. Subirini kidogo, hela zenu zimo humu.

Dar es Salaam ya siku hizi, Jumapili bila marathon ni kama Jumapili bila mechi. Benki wana yao, hospitali wana yao, makanisa na shule wana zao. Fulana nzuri, muziki mkubwa, picha mpaka simu inazima. Nyingi kati ya hizo ni za kilomita tano na 10, na mimi sina ugomvi nazo hata kidogo. Mtu aliyeamka saa 10 usiku akakimbia kilomita tano amefanya jambo la maana kuliko sisi tunaokaa jukwaani tunatafuna karanga na kumwambia winga hana pumzi.

Ila marathon yenyewe ni kilomita 42 na mita 195. Kipimo hicho kilikimbiwa kwenye Olimpiki ya London mwaka 1908, na mwaka 1921 kikafanywa rasmi. Hiyo ndiyo ninayoisema hapa, kwa sababu kwenye hiyo mkimbiaji wa ridhaa anafanyiwa mambo ambayo kwenye soka tungeshaandamana.

Mwaka huu nilikimbia moja hapa jijini. Jina la waandaaji naliacha, maana nimeongea na wenzangu waliokimbia nyingine na hadithi ni ileile. Kuanza ilikuwa saa 11:30 alfajiri. Kwenye fomu waliandika wenyewe kwamba kikomo cha kumaliza ni saa sita kamili, maana yake barabara, maji na huduma vipo mpaka saa 5:30 asubuhi. Nikalipa Sh40,000 yangu kwa makubaliano hayo.

Saa 4:00 asubuhi nafika kilomita ya 34. Meza ya maji ipo, imelala ubavu juu ya pikapu, na vijana wanamalizia kupakia maboksi. Yaani imebaki saa moja na nusu kabla ya kikomo chao wenyewe! Polisi wa makutano alishaondoka, daladala zinapita, na konda mmoja ananigongea bodi: "Jamaa, panda twende Posta, utakufa bure." Nyuma yangu kulikuwa na dada mmoja, mwalimu wa sekondari, anakimbia dakika tatu anatembea moja, mpango aliokuja nao tangu nyumbani. Tukaingia kwa mangi, tukanunua maji, tukaendelea kwenye ukingo wa lami tukiwakwepa bodaboda.

Nilimaliza saa 5:05 asubuhi. Geti la upepo lilikuwa limelala chini kama mpira uliotobolewa. Medali za 42 zilikuwa zimeisha, nikapewa ya kilomita 10.

Fikiria refa anapuliza kipyenga dakika ya 80 kwa sababu timu moja inaongoza mabao matatu na mashabiki wengi wameshaanza kutoka. Hiyo mechi ingejadiliwa mwezi mzima. Redio zote zingemtafuta huyo refa. Kwenye mbio tunaambiwa tushukuru tumefika.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba meza zinazokunjwa mapema ndizo zinazohitajika kuliko zote. Mwili wa binadamu unaweka akiba ya wanga kwenye misuli na kwenye ini, na kwa wengi wetu akiba hiyo inaelekea kuisha kuanzia kilomita ya 30 hivi. Wakimbiaji wanaita kugonga ukuta. Miguu inakuwa kama imejazwa mchanga, kichwa kinaanza kubishana na wewe. Halafu weka na jua letu. Anayekimbia kwa saa 2:20 anakuwa ameshamaliza kabla hata ya saa 2:00 asubuhi, upepo wa bahari bado una ubaridi. Wa saa tano na nusu ndiye anayepita kwenye lami saa nne na saa tano, unyevu wa Dar unamfanya atoke jasho lisilokauka. Kwa hiyo tunamwekea meza kumi mtu aliyekimbia kwenye baridi, halafu yule wa kwenye jua tunamwambia atafute duka.

Na asiseme mtu kwamba wa mwisho ni wale wasiojiandaa. Wapo wa hivyo, nitawafikia. Lakini maandalizi ya mkimbiaji wa ridhaa hapa mjini ni kazi ambayo wengi hawaijui.

Mimi nilichukua wiki 16. Mbio nne kwa wiki, tatu fupi na moja ndefu ya Jumapili. Ndefu inaanza kilomita 12, inapanda taratibu, kila wiki ya nne unashuka ili mwili upumue, mpaka unafika 30 au 32. Wiki tatu za mwisho unapunguza, na huo ndio wakati mgumu, maana unajiona mzima unataka kukimbia tu. Kwenye karatasi ni rahisi. Sasa mechi ya usiku kwa Mkapa inaisha, unasubiri makocha wazungumze, unatuma habari, unafika Sinza saa 7 usiku. Saa 11 alfajiri ratiba inasema kilomita 10 na mlima wa Chuo Kikuu. Usipokwenda alfajiri unakwenda jioni, na jioni Barabara ya Sam Nujoma ni moshi, honi na watu wanaogombea daladala. Njia ya waenda kwa miguu ipo mpaka pale ilipokaliwa na meza ya chipsi.

Za Jumapili tulikuwa tunakwenda kikundi, Mwenge kuelekea Tegeta na kurudi. Madada kwenye kikundi chetu hawakimbii peke yao kabla hakujapambazuka, na hawahitaji kueleza kwa nini. Kama kikundi hakijatoka, mbio yao siku hiyo haipo. Huyo naye siku ya mashindano anakutana na pikapu inapakia maji.

Kuna mambo mengine madogo yanayokula muda na hela. Raba nzuri bei yake inatisha, wengi tunakwenda kuchagua za mtumba Karume, na ukipata saizi yako unashukuru Mungu. Mafuta ya mgando mapajani na kwapani, la sivyo ukioga jioni utapiga kelele. Chakula hakina siri: wali, ugali, viazi vitamu, ndizi, vilevile ulivyozoea, na siku ya mbio usijaribu kitu kipya tumboni. Maji nayo yana kiasi. Kuyabugia kupita mahitaji kunashusha chumvi kwenye damu, na hilo limewahi kuua wakimbiaji. Ndiyo maana meza zinatakiwa ziwepo kila baada ya umbali unaojulikana, mtu anywe kidogo kidogo, badala ya kukutana na chupa mbili za mangi na kuzimaliza kwa pupa.

Sasa kwa wale wa mazoezi ya wiki tatu. Ndugu zangu, kikomo cha saa sita maana yake ni kilomita moja kwa dakika nane na nusu, mara 42. Kutembea peke yake hakutoshi. Kama hujawahi kufika hata kilomita 25 mazoezini, kimbia 21 mwaka huu, hakuna atakayekucheka. Mwandaaji akikutoa barabarani baada ya muda kwisha, ametimiza makubaliano. Mimi nawatetea waliopo ndani ya muda.

Na tunalisema hili katika nchi gani? Oktoba 20, 1968, jijini Mexico City, zaidi ya mita 2,200 juu ya usawa wa bahari, John Stephen Akhwari wa Mbulu alianza marathon ya Olimpiki pamoja na wenzake 74. Njiani akaanguka, goti likaumia vibaya, bega nalo. Wakimbiaji 18 waliishia njiani. Mamo Wolde wa Ethiopia alishinda kwa saa 2:20:26. Akhwari aliingia uwanjani giza limeshaingia, mguu umefungwa bandeji, watu wengi wameshaondoka, akamaliza wa 57 kati ya 57 kwa saa 3:25:27. Zaidi ya saa moja baada ya mshindi. Kauli yake kwamba nchi yake ilimtuma kumaliza mbio na siyo kuzianza tu inajulikana dunia nzima, na viongozi wetu wanairudia kila wakikabidhi bendera kwa timu. (Kwa wanaojiona wako fiti: hiyo 3:25 ni ya mtu aliyeumia goti. Wengi wetu wazima hatuifikii.)

Picha za mzee zipo kwa sababu mstari ulikuwepo. Uwanja ulikuwa wazi, saa ilikuwa inahesabu, na wapiga picha waliposikia kuna mmoja anakuja, wakarudi kwenye nafasi zao. Wangekuwa wamekunja kila kitu saa moja mapema, sisi leo tusingekuwa na Akhwari wa kumtaja kwenye hotuba.

Tuna watu wa mbele pia, tena wakubwa. Juma Ikangaa alishinda New York mwaka 1989. Alphonce Simbu alitupa dhahabu ya dunia Tokyo Septemba 2025, yeye na Mjerumani Amanal Petros wote wakiandikiwa 2:09:48, wakatenganishwa na sehemu tatu za mia za sekunde. Hao walipokimbia, nyuma yao kwenye barabara zilezile za miji mikubwa huwa kuna maelfu ya wahasibu, wauguzi na walimu siku za mbio za wazi, na huko ndiko wenzetu walikotuacha mbali. New York ilianza mwaka 1970 na watu 127 wakizunguka Central Park. Leo wanaomaliza ni zaidi ya 50,000, na wa mwisho wanaingia usiku, wapo watu wanawasubiri kwa makofi. Chicago kikomo ni saa sita na nusu. Berlin ni saa sita na robo. Tokyo ni saa saba, na kuna vituo njiani vyenye muda wake. Ukichelewa pale basi linakuchukua, hakuna kubembelezana. Honolulu hawana kikomo kabisa. Ukali unatofautiana, ila kila mmoja anajua sheria kabla ya kulipa, na ikiandikwa saa saba, ni saa saba.

Niliwahi kumweka sawa mwandaaji mmoja kwa simu kuhusu hili. Akaniambia Dar siyo Tokyo. Polisi wanataka barabara ifunguliwe, abiria wa daladala wanalalamika, watu wa kujitolea wanachoka, na waliobaki barabarani ni wachache. Naelewa. Mama anayewahi hospitali Muhimbili asikwame kwa ajili ya medali yangu. Lakini kama barabara inapatikana kwa saa tano tu, andikeni saa tano kwenye fomu, tujue, tujipime. Au watu wa polepole waanzishwe saa 10:30 alfajiri. Au mwekeni kikomo kilomita ya 21, asiyefika kwa muda apande basi, na waliobaki wachungwe na pikipiki moja, gari la wagonjwa na pikapu ya maji inayotembea nyuma ya mtu wa mwisho. Pikapu si ipo? Ileile iliyobeba meza. Iende nyuma ya wakimbiaji, isiwatangulie.

Medali nazo hesabu yake haihitaji shahada. Waliosajiliwa kwa 42 mnawajua kwa namba, hela zao mmeshapokea.

Shirikisho la riadha lingeweza kulimaliza hili kwenye kibali tu: hakuna kibali cha 42 bila kikomo kilichoandikwa na ahadi ya maji mpaka dakika ya mwisho ya kikomo hicho. Wadhamini nao waulize. Nembo yao ipo kwenye fulana ya mtu wa kwanza na ya mtu wa mwisho, na wa mwisho anakaa nayo barabarani muda mrefu zaidi.

Yule mwalimu alimaliza saa 5:20, dakika kumi ndani ya muda wao. Hakukuta saa wala medali, akapigwa picha na mimi pembeni ya maboksi. Ameniambia anataka kukimbia tena. Juzi tumemtumia ujumbe mwandaaji wa mbio nyingine ya baadaye mwaka huu, swali moja tu: meza ya kilomita ya 38 mnaikunja saa ngapi? Amesema atatujibu. Dirisha lao la usajili linafungwa mwisho wa mwezi.